Monita mbili au tatu kwenye kompyuta mpakato: zikigoma, anzia hapa

Monita ya pili ikigoma, wengi hukimbilia dukani kununua kebo nyingine. Wakati mwingine hubahatika. Mara nyingi zaidi hurudi na kebo mpya na tatizo lilelile, kwa sababu kila monita inahitaji njia yake ya picha. Njia hiyo huanzia kwenye chipu ya picha ndani ya kompyuta, hupita kwenye tundu, kebo na kigeuzi kama kipo, ndipo ifike kwenye monita. Ikikatika mahali, itafute ilipokatikia. Ikiwa haikuwepo tangu mwanzo, hakuna kebo itakayoiunda.

Kabla ya kugusa chochote, andika mambo matatu kwenye karatasi. La kwanza ni chipu ya kompyuta yako: kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua "Performance", usome majina yaliyo chini ya CPU (kichakataji) na GPU (chipu ya picha), kwenye Mac bofya alama ya tufaha, kisha "About This Mac". La pili ni matundu yote ya kompyuta na alama zilizochorwa kando yake. La tatu ni matundu ya kila monita: HDMI, DisplayPort, DVI au VGA. Karatasi hiyo itakutumikia kwenye kila dalili hapa chini.

## Monita zote mbili zinaonyesha picha ileile

Anza na mpangilio. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Extend". Kwenye Mac fungua "System Settings", "Displays", bofya monita husika, na kwenye "Use as" chagua "Extended display".

Kama skrini ya kompyuta sasa ina picha yake lakini monita mbili za nje bado zinafanana, tazama kilicho katikati yake. Mara nyingi utakuta kiboksi cha kugawa HDMI, kile kinachopokea kebo moja na kutoa mbili au nne. Kazi yake ni kunakili. Kimetengenezwa kwa ajili ya TV kadhaa za baa au ukumbi wa kanisa, ambako wote wanatakiwa waone kitu kimoja. Kompyuta yenyewe inaona monita moja tu, kwa hiyo hakuna draiva (programu inayoendesha chipu ya picha) wala mpangilio utakaofanya itoe picha mbili tofauti. Kebo ya HDMI yenye umbo la Y ni hivyohivyo. Muuzaji akikuambia "hii inatoa monita mbili", muulize kama kila moja inapata picha yake, na umwombe aburute dirisha kutoka monita moja hadi nyingine mbele yako kabla hujalipa.

Chanzo cha tatu huwapata wenye Mac. Habu nyingi za USB-C (viboksi vinavyogeuza tundu moja kuwa mengi) zenye HDMI mbili hutumia MST, utaratibu ulioingia na DisplayPort 1.2 unaopitisha picha kadhaa tofauti ndani ya kebo moja. Windows inautumia bila shida. macOS haitumii MST kutandaza skrini, yaani kuipa kila monita picha yake, ndiyo maana habu iliyotoa picha mbili tofauti kwenye kompyuta ya mwenzako inanakili tu kwenye Mac yako. Habu haijaharibika. Tumia doki (habu kubwa, kwa kawaida yenye adapta yake ya umeme) ya Thunderbolt, tundu lenye umbo la USB-C lakini la kasi zaidi, au chomeka kila monita kwenye tundu lake la kompyuta, mradi chipu ya Mac hiyo inaruhusu monita mbili.

## Moja inawaka, nyingine inaandika "No Signal"

Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

1. Bonyeza kitufe cha "Input" au "Source" kwenye monita, uchague tundu ulilochomeka kweli. Monita yenye HDMI mbili inaweza kuwa inasubiri picha kwenye HDMI 2 wakati kebo iko HDMI 1.
2. Chomoa na uchomeke upya pande zote mbili. Plagi ya VGA ifungwe skrubu zake. Ya DisplayPort isukumwe hadi ilie "klik".
3. Badilishana: kebo ya monita inayowaka iweke kwenye ile inayogoma. Ikiwaka, kosa liko kwenye kebo, kigeuzi, tundu au draiva ya kompyuta. Isipowaka, liko kwenye monita. Jaribio hili la dakika moja linaokoa fedha kuliko mengine yote.
4. Zima kompyuta, chomoa kila kitu pamoja na chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Chomoa pia umeme wa monita kwa dakika moja. Rudisha monita moja baada ya nyingine.
5. Kwenye Windows bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B ili draiva ya picha ijianze upya, kisha "Display settings", "Multiple displays", "Detect".

Bado? Basi angalia kigeuzi. Vigeuzi vingi vinapitisha picha upande mmoja tu. Kebo yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande mwingine hufanya kazi DisplayPort ikiwa kwenye kompyuta na HDMI kwenye monita, ukiigeuza, kimya. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA na cha VGA kwenda HDMI hufanana kama mapacha dukani, lakini kimoja ni cha kompyuta yenye HDMI na monita ya VGA, na kingine ni kinyume chake. Soma maandishi yaliyopigwa juu yake. HDMI kwenda DVI hukubali pande zote bila umeme wala chipu, ingawa sauti kwa kawaida haipiti.

Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kina jambo jingine. Ndani yake kuna chipu inayohitaji umeme, na tundu la HDMI linalazimika kutoa mA 55 tu kwa V 5. Kigeuzi kinachotaka zaidi ya hapo huwaka kwenye kompyuta moja na kugoma kwenye nyingine, au huwaka kisha kikazima kikipata joto. Kama kina kitundu kidogo cha micro-USB ubavuni, kipe umeme wa chaja ya simu kwanza, ndipo ukihukumu.

Kwenye USB-C, tatizo lina mlango wake. Umbo la tundu halikuambii kinachopita ndani. Tundu linalotoa picha huwa na alama ya DisplayPort, herufi D yenye P ndani yake, au radi ya Thunderbolt. Alama ya betri maana yake ni kuchaji, na maandishi ya "SS" peke yake maana yake ni data. Kompyuta kadhaa zina USB-C mbili na ni moja tu yenye picha. Pasipo alama, tafuta modeli kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji na usome sehemu ya matundu. Usikubali neno la "USB-C zote ni sawa".

Kisha kebo yenyewe. Kebo ya USB-C iliyokuja na chaja ya simu au ya kompyuta mara nyingi haina nyaya za kasi ndani yake. Inachaji vizuri, hata kipanya kinasoma, lakini picha haipiti kabisa. Tafuta iliyoandikwa Gb 10 au Gb 40 kwa sekunde (Gbps), au iliyokuja na monita.

Mwisho kabisa, draiva. Hili limezoeleka kwenye kompyuta zilizotoka kupigwa Windows upya bila intaneti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", kompyuta haina draiva ya picha na haitatambua monita ya pili hata ukichomeka kebo ya dhahabu. Endesha Windows Update, au pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Faili hilo mara nyingi huzidi MB 500, kwa hiyo lipakue kwenye Wi-Fi kuliko bando la siku.

Kompyuta zenye chipu mbili za picha, kama Intel pamoja na Nvidia, huongeza fumbo moja: kwenye nyingi, tundu la HDMI limeunganishwa na Nvidia na USB-C imeunganishwa na Intel. Draiva ya Nvidia ikiharibika, HDMI hufa huku skrini ya kompyuta na USB-C vikiendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Weka upya draiva ya chipu hiyo kabla hujamwambia fundi kwamba tundu limekufa.

Simama hapa kama tundu la HDMI linacheza, limepinda, au lina pini iliyozama ndani. Usilikoroge kwa sindano. Kubadilisha tundu ni kazi ya kuchomelea kwa hewa moto kwenye ubao mama, na aliyekosea pini moja huua zaidi ya tundu.

## Mbili zinakubali, ya tatu inakataa

Hapa wengi hulaumu kebo ilhali wamefika mwisho wa chipu. Chipu za Intel za kizazi cha 4 hadi cha 10 huendesha skrini 3 kwa pamoja, na skrini ya kompyuta yenyewe inahesabiwa. Kuanzia kizazi cha 11 nyingi huendesha 4. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Kwa hiyo mwenye i5-8250U anayetaka monita tatu za nje anaweza kuzipata akizima skrini ya kompyuta: "Display settings", chagua skrini namba 1, kisha "Disconnect this display".

Kwa Mac zenye chipu za Apple, hesabu ni kali zaidi. MacBook Air ya M1 na ya M2 huendesha monita moja tu ya nje. Ya M3 huendesha mbili mfuniko ukiwa umefungwa. Ya M4 huendesha mbili hata mfuniko ukiwa wazi. M1 Pro huendesha mbili, M1 Max nne. Fahamu hili kabla ya kununua doki ya bei kubwa, maana doki ya kawaida haiongezi njia ambazo chipu haina.

Njia ya kuzunguka ipo, nayo ni DisplayLink. Ni chipu iliyo ndani ya doki au kigeuzi inayopokea picha kama data ya USB, baada ya programu iliyo kwenye kompyuta kuibana. Doki ya Dell D6000 ni ya aina hii. Bila programu ya DisplayLink kusakinishwa, monita zinaweza kubaki nyeusi huku kipanya na kibodi vikifanya kazi, na hapo ndipo watu huirudisha doki nzima wakidhani ni mbovu. Kwenye Mac lazima pia uipe ruhusa ya kurekodi skrini ndani ya "Privacy & Security", la sivyo picha haitoki. Gharama yake ni kichakataji kufanya kazi zaidi, na filamu zenye ulinzi wa kunakili zinaweza kuonyesha weusi. Kwa hati, majedwali na barua pepe inatosha kabisa. Kwa michezo na kuhariri video, siishauri.

Kuna pia upana wa bomba. Habu ndogo ya USB-C inayobeba USB 3 pamoja na picha hugawa nyaya zake nusu kwa nusu, na kwa DisplayPort 1.2 nusu hiyo hubeba takriban Gb 8.6 kwa sekunde. Monita moja ya 1920×1080 (1080p) kwa Hz 60 (picha 60 kwa sekunde) hutaka kama 3.6, kwa hiyo mbili zinaenea na ya tatu haiingii. Ya 2560×1440 hutaka kama 5.8, kwa hiyo mbili hazienei. Jaribu kupunguza: shusha zote mbili hadi 1920×1080. Ile iliyogoma ikiwaka papo hapo, umeshajua ni bomba, si ubovu.

Doki za mtumba zinazotoka ofisi za Ulaya na Dubai zina kasoro yake ya kawaida: zinauzwa bila adapta yake ya umeme, na mnunuzi anapewa yoyote inayoingia. Adapta ndogo huifanya doki iwashe monita moja na kukataa ya pili, au kuzima kila baada ya dakika chache. Soma wati kwenye kibandiko cha chini ya doki na udai adapta ya wati hizo.

## Picha inakatika na kurudi

Kebo ndefu au duni ndiyo ya kwanza kushukiwa. HDMI ya kawaida ya zaidi ya mita 5 hushindwa mapema kwenye 4K (3840×2160) kwa Hz 60 ingawa kwenye 1080p ilikuwa sawa. Weka ya mita 1.5 au 2, uone.

Pili, umeme wa doki au habu. Habu isiyo na adapta yake inayobeba monita mbili, diski ya nje na kuchaji simu inapita uwezo. Chomoa vyote isipokuwa monita.

Tatu, soketi. Ekstensheni inayobeba pia pasi au jagi la kuchemshia maji hushusha volti kila kifaa hicho kinapowaka, na monita huzima kwa sekunde mbili. Angalia kama kukatika kunaendana na kifaa fulani.

Na kama kukatika hutokea kila mtu anapoketi au kuinuka, tazama kiti. Viti vya ofisi vyenye bomba la gesi hutoa cheche ndogo ya umemetuli, na kebo isiyokingwa vizuri huipokea. Kebo yenye kinga bora huondoa tatizo hilo.

## Maandishi yana ukungu, rangi zimepauka, au kipanya kinavuta

Kipanya kinachovuta kwenye monita ya 4K karibu kila mara ni Hz 30. Fungua "Advanced display" usome Hz. HDMI 1.4 haivuki Hz 30 kwenye 4K. Unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenye njia yote, kigeuzi kikiwemo. Kama umetumia TV badala ya monita, tundu lake linaweza kuwa limefungiwa: kwenye Samsung washa "Input Signal Plus", kwenye LG washa "HDMI Ultra HD Deep Colour".

Kingo za picha zikikatwa kwenye TV, tafuta "Screen Fit", "Just Scan" au "Full Pixel" kulingana na chapa. Rangi nyeusi ikiwa ya kijivu, badilisha "Limited" iwe "Full" kwenye programu ya draiva ya Intel, AMD au Nvidia. Kwenye VGA, bonyeza kitufe cha "Auto" cha monita huku ukurasa mweupe wenye maandishi ukiwa wazi. Na daima weka ukubwa wa picha ulioandikwa "Recommended". Ukubwa mwingine wowote huchafua herufi.

## Kipanya hakivuki, madirisha yamepotea

Kwenye "Display settings" bonyeza "Identify", kisha buruta vile viboksi vyenye namba vikae kama monita zilivyo mezani. Dirisha lililokwama kwenye monita isiyokuwepo hurudishwa kwa Windows+Shift+mshale wa kushoto au wa kulia. Kwenye Windows 11 weka alama kwenye "Remember window locations based on monitor connection".

## Inagoma baada ya kulala, kufunga mfuniko au umeme kukatika

Ukifunga mfuniko na kila kitu kikazima, fungua "Control Panel", "Power Options", "Choose what closing the lid does", uweke "Do nothing" upande wa "Plugged in". Acha nafasi nyuma ya kompyuta, kwani nyingi hupumulia kwenye bawaba.

Baada ya umeme kukatika, washa monita na doki kwanza, kompyuta mwisho. Kama doki inahitaji kusasishwa programu yake ya ndani, ifanye betri ikiwa imejaa na, kama unayo, ukiwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme). Betri ya kompyuta hailindi doki, na doki iliyozimika katikati ya kusasishwa inaweza isiamke tena.

Kompyuta ikikataa kuwaka wakati kebo ya DisplayPort imechomekwa na ikakubali ukiichomoa, tupa kebo hiyo. Kebo nyingine za bei rahisi huunganisha pini ya 20, ambayo ni ya umeme, na monita huanza kusukuma umeme ndani ya kompyuta.

## Mwili wa kompyuta unakutekenya au kukupiga shoti

Hili lichukulie kwa uzito kuliko yote. Monita za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya duara, na plagi hiyo huchomekwa kwenye soketi zetu za pini tatu za mraba kupitia kigeuzi kisichounganisha waya wa ardhi, au kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu. Bila waya wa ardhi, vichujio vilivyo ndani ya vifaa hupandisha mwili wa chuma hadi karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenya tu. Lakini unapochomeka HDMI kati ya vifaa viwili vya namna hiyo, mkondo huo hupita kwenye kebo ya picha na unaweza kuchoma tundu la HDMI pande zote mbili.

Badilisha waya wa umeme wa monita. Ule wa pini tatu za mraba huchomekwa palepale nyuma ya monita nyingi. Chomeka kompyuta, doki na monita zote kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi, na unganisha kebo za picha vyote vikiwa vimechomolewa ukutani. Kama bado unatekenywa, ardhi ya nyumba yenyewe haipo au imekatika. Acha kuvitumia na umwite fundi umeme mwenye leseni apime.

Zima na uchomoe papo hapo pia ukisikia harufu ya kuungua, tundu la USB-C likiwa la moto kiasi cha kushindwa kuligusa, au padi ya kugusia ikiinuka, maana hapo betri imevimba. Na usifungue monita. Ndani yake kapasita hubaki na chaji baada ya kuchomolewa, na zile za zamani zenye taa za mirija hutumia volti mamia hadi zaidi ya elfu moja kuwasha mwanga.

Ukienda kwa fundi, nenda na kompyuta, kebo zote, kigeuzi, doki na adapta yake, pamoja na ile karatasi. Mwambie umeshabadilishana kebo na matokeo yalikuwa nini, na mwombe ajaribu kwa monita yake mbele yako kabla hajafungua skrubu hata moja.